Jino si sufuria

Tumfikirie kijana aliyezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru, akaja mjini kutafuta kazi. Kila achekapo huziba mdomo kwa kiganja, kwani meno yake yana mabaka ya rangi ya kahawia tangu utotoni. Wenzake humwambia kwamba hapigi mswaki. Naye, kwa aibu, huamka alfajiri akayasugua kwa majivu na mchanga laini. Miezi inapita, mabaka hayatoki. Fizi ndizo zinazotoka damu, na maji ya baridi sasa yanamchoma.

Kutaka meno mazuri si kosa. Kosa ni kulidhania jino kuwa sufuria.

Yafaa ifahamike kwamba jino limevikwa gamba gumu kuliko mfupa. Gamba hilo likilika, haliоti tena. Chini yake mna tabaka lenye rangi ya manjano. Hivyo basi, mwenye kusugua kwa mchanga huondoa weupe alionao na kuudhihirisha umanjano alioukimbia. Vivyo hivyo kwa mwenye kupaka ndimu, kwa kuwa ukali wake huliyeyusha gamba. Maji ya betri na dawa za kung'arishia nguo ni sumu; zisikaribie kinywa kabisa. Ama mkaa unaosifiwa sana siku hizi, mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hayakuona ushahidi wa kutosha kwamba ni salama au kwamba unafaa.

Kwa hiyo swali la kwanza si "Nitumie dawa gani?" bali ni "Rangi hii imetoka wapi?"

Ikiwa imetoka nje, yaani kwenye chai ya rangi, kahawa, sigara, tambuu au ukoga, dawa yake ni nyepesi. Piga mswaki laini mara 2 kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na usilale bila kufanya hivyo. Mswaki wa mti nao wafaa, mradi utumiwe kwa upole. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe aukwangue daktari wa meno. Wengi wakishafanyiwa hivyo hugundua kwamba hawakuhitaji zaidi.

Ikiwa rangi imo ndani ya jino, hakuna mswaki utakaoifikia. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara, miamba ya volkeno hutia floraidi nyingi katika maji, na baadhi ya magadi ya kupikia yanayo pia. Mtoto akiyatumia wakati meno yake yanajengeka, jino huota likiwa tayari na madoa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Dawa ya tetrasaiklini nayo hutia rangi meno ya mtoto aliye chini ya miaka 8, au aliye tumboni. Na jino moja likigeuka kijivu baada ya kuanguka au kupigwa, huenda limekufa. Hilo lataka matibabu, si kung'arishwa.

Kwa rangi ya ndani ipo dawa ya haidrojeni peroksaidi, ambayo hupenya gamba na kuififisha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012, dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 hadi asilimia 6 haitolewi ila kupitia kwa daktari wa meno, wala haitumiwi na aliye chini ya miaka 18. Nasi tufuate busara hiyo. Kwanza meno yaliyooza na fizi zinazouma zitibiwe. Mama mjamzito angoje. Meno yanaweza kuwa na ganzi kali kwa siku chache, kisha hutulia. Dawa haibadili jino la bandia wala sehemu ya jino iliyozibwa, na weupe wake si wa milele. Penye mabaka makubwa, daktari aweza kulisawazisha jino kidogo au kulifunika.

Wazazi wa sehemu zenye floraidi nyingi wawatafutie watoto maji mengine, hata ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri, wala wasiwapikie kwa magadi. Dawa ya meno wasiiache, maana floraidi kidogo hulinda. Mtoto wa chini ya miaka 3 atosheke na kiasi cha punje ya mchele.

Na yule kijana? Aache mchanga, amwone daktari, na aondoe kiganja mdomoni. Mabaka yake si uchafu wala uvivu; ni maji aliyonyweshwa akiwa mtoto. Anayestahili kuona haya ni yule anayemcheka.