Ukipeleka chombo kwa fundi wa mtaani, waranti inakufa?

Pikipiki mpya imefikisha kilomita za sevisi. Mwenye nayo yuko Nyarubungo, mkoani Kagera, na fundi ni jirani yake. Lakini karatasi ya waranti inasema sevisi ifanyike kwa wakala tu, la sivyo dhamana imekwisha. Wakala yuko mji mwingine. Afanyeje?

Kwa wilaya za Ngara na Biharamulo, swali hili si dogo. Magari mengi ya watu binafsi hununuliwa yakiwa yameshatumika Japani. Hayo waranti ya kiwandani iliisha zamani, mwenye gari anachagua gereji anayotaka. Wanaobanwa ni wenye vyombo vipya: bodaboda, bajaji, na malori yanayopita Nyakanazi kwenda Rusumo na Kabanga. Kufuata sevisi Mwanza au Bukoba ni gharama ya mafuta na siku nzima bila kazi, huku rejesho la mkopo likisubiri.

Wenzetu wamefanyaje?

Afrika Kusini, tangu Julai 1, 2021, mwongozo wa Tume ya Ushindani unamruhusu mwenye gari kwenda gereji huru bila kupoteza waranti. Ila fundi akiharibu kitu, kampuni inaweza kukataa kugharamia uharibifu huo. Marekani, sheria ya mwaka 1975 inazuia kampuni kuifunga waranti kwa spea au sevisi ya jina fulani, isipokuwa inazitoa bure, au imepewa ruhusa maalumu.

Na Tanzania?

Ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Inakataza makubaliano yanayobana ushindani, na inakataza kumpotosha mlaji. Lakini ni sheria ya jumla.

Makampuni nayo yana hoja. Spea feki zipo, na FCC hiyohiyo inapambana na bidhaa bandia. Vyombo vya kisasa pia vinahitaji vipimo vya kompyuta ambavyo si kila gereji inavyo. Lakini hofu ya spea feki inajibiwa kwa kukagua kilichoharibika na kilichosababisha, si kwa kufuta waranti nzima kwa sababu oili ilibadilishwa mtaani.

Afrika Kusini haikusubiri sheria mpya, tume yake ilitoa mwongozo chini ya sheria iliyokuwapo. Kwa Tanzania, hiyo ndiyo njia fupi.

Kwa sasa, jilinde hivi

• Soma masharti ya waranti kabla ya kulipa, na uliza wakala wa karibu yuko wapi.
• Ukienda kwa fundi wa mtaani, dai risiti yenye tarehe, kilomita na aina ya oili au spea.
• Dai lako likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Neno la mdomo halina pa kulipeleka.