Unawekewa Sola Kaaleng? Uliza Fundi Leseni Kwanza, Usijute Baadaye

Sema umepata doh kidogo, sasa unataka kumwekea mathe sola kule Kaaleng. Msee wa mtaa anakushow, "Nipe tu kazi, kesho jioni mnawatch ball." Poa. Lakini umemuuliza leseni?

Wengi hudhani hizo ni story za Nairobi. Ni kweli, mwenye keja anayetaka mita ya Kenya Power lazima fundi mwenye leseni atie sahihi kwamba waya ziko sawa. Lakini shika rada: sola nayo ina kanuni zake tangu 2012, na zinafika hadi kijiji ambacho hakijawahi kuona nguzo ya stima.

Wenye kutoa leseni ni EPRA. Fundi wa sola ni T1, T2 ama T3. T1 anaruhusiwa kazi ndogo, kama betri moja na paneli isiyozidi wati 100. Hapo ni taa na kuchaji simu. Ukitaka friji ya kuuza soda baridi, tafuta T2 ama T3.

Utasema sola haina noma. Aje? Waya ikigusa pande mbili za betri bila fyuzi, inawaka nyekundu kwa sekunde. Sasa fikiria hiyo moto chini ya paa la makuti. Na inveta ya volti 240 inaua sawa tu na stima ya Nairobi.

Hapa ndipo sheria inagonga mwamba. Kuleta fundi mwenye leseni kutoka Lodwar, nauli pekee inakula budget. So watu wanachukua wa karibu, ama wanatafuta mtu atie sahihi bila kuona hata waya moja. Cheti ya hivyo haizimi moto.

Kuwakimbiza hawa mafundi wa mtaa haitasaidia, juu kesho kijiji kitabaki giza. Wapelekwe mtihani. NITA hutahini hata msee aliyejifunzia kazi kazini bila kukaa class, na hapo ndio safari ya leseni inaanza. Serikali ya kaunti ikiwalipia ada na kuleta watahini Kakuma, itakuwa imesaidia kuliko semina kumi za hoteli. Kazi iko: Kalobeyei hapo kando tayari kuna watu wanatumia stima ya sola ya mtaa mzima.

Kabla hiyo siku ifike, jilinde. Uliza namba ya leseni na daraja lake. Cheki jina kwa orodha kwenye tovuti ya EPRA. Mwambie akuonyeshe fyuzi iko wapi, na aache karatasi yenye jina lake.

Akikasirika juu umeuliza, ushapata jibu. Tafuta mwingine.