Mtoto wa Miaka Mitatu na Begi Lake

Wazazi wenzangu, kila ifikapo Januari mashindano huanza. Mama mmoja humwuliza jirani yake, "Wako umempeleka wapi?" Jirani hujibu kwa majivuno kwamba wake yuko bebi klasi, anahesabu hadi mia na jina lake analiandika, tena kwa Kiingereza. Yule aliyeuliza hurudi nyumbani na moyo mzito, na kabla ya juma kwisha mtoto wake wa miaka mitatu naye amekwisha kushonewa sare na kununuliwa begi linalomfika magotini. Alfajiri huamshwa kwa honi ya basi la shule. Husinzia njiani, husinzia darasani, na jioni hurudi na kazi za kuandika ambazo dada wa kazi ndiye azifanyaye.

Ni nani aliyetuambia kwamba haya ni ya lazima?

Mimi si katika wale wanaoiita chekechea upuuzi wa kuigwa. Ni kweli wazee wetu hawakuisoma, lakini walikuwa na ua. Uani palikuwa na bibi, shangazi na watoto wa rika zote. Mtoto alicheza mdako, akawa anahesabu kete bila kujua kuwa anahesabu. Alitegewa vitendawili, akapata lugha. Akacheza kombolela, akajua kungoja zamu na kushindwa bila kuzira. Leo hii, huko mijini, Mbagala au Kayole, bibi yuko kijijini, mama ametoka na giza kwenda kuuza vitumbua, na mtoto yuko chumbani na televisheni. Huyu anahitaji chekechea kuliko hata mtoto wa tajiri. Anaihitaji pia mtoto wa mfugaji ambaye nyumbani husikia Kimasai au Kisukuma tupu. Akiingia darasa la kwanza moja kwa moja, miezi mingi itampita akitazama midomo ya mwalimu tu.

Basi mzozo wangu si juu ya kwenda au kutokwenda. Nauliza mtoto anachokwenda kufanya huko.

Wamarekani wamelipima jambo hili kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, walichaguliwa watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi. Watoto 58 wakaingizwa chekechea, waliosalia hawakuingizwa. Walifuatiliwa hata wakafikia miaka 40, ikaonekana kwamba wale wa chekechea walimaliza sekondari wengi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Lakini angalieni walichopewa: mwalimu mmoja kwa watoto wapatao sita, masomo ya asubuhi tu, na kila juma mwalimu akienda nyumbani kukaa na mama na mtoto wake. Sasa tazameni Tennessee, nchi ileile. Huko watoto karibu 3,000 walichezeshewa bahati nasibu, wengine wakapata nafasi katika madarasa ya awali ya jimbo, wengine wakakosa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kufikia darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa nyuma ya waliokosa! Jina la shule peke yake halimfai mtoto kitu.

Najua mtaniambia samaki mkunje angali mbichi. Nami nawakumbusha kwamba samaki wa methali hiyo amekwisha kufa. Mtoto yu hai, na mifupa ya vidole vyake bado haijakomaa kushika kalamu saa nzima. Wafini huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba, na mwaka mmoja wa awali unaotangulia ni wa michezo kwa sehemu kubwa. Hakuna anayewaita wajinga.

Kwetu Tanzania, tangu Januari 2016 madarasa ya awali ya shule za serikali hayana ada, nalo ni jambo la kushukuru. Kanuni inataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Yako madarasa yenye zaidi ya 100, na mwalimu wa hapo hana la kufanya ila kuwaimbisha herufi na kuwakemea. Viongozi wetu, kabla ya kuzindua jengo jingine na kukata utepe, ongezeni walimu waliosomea watoto wadogo, na uji wa saa nne usikosekane.

Nanyi wazazi msio na chekechea karibu, msijione mmekwisha kushindwa. Mpeni mtoto vizibo vya soda avipange, mtumeni dukani jirani kwa chumvi, msimulieni hadithi kwa lugha mnayoijua vizuri, na akiuliza mjibuni.

Mwenye uwezo wa kuchagua, nenda shuleni mwenyewe, tena saa tatu asubuhi bila kuarifu. Sikiliza kwanza ukiwa nje: chekechea nzuri ina kelele. Mwalimu mkuu akikuletea madaftari, mwombe akuonyeshe mchanga, maji na choo cha kimo cha mtoto. Muulize mwalimu wa darasa lini aliwasimulia hadithi mara ya mwisho. Na ukiambiwa kwamba mwanao wa miaka mitatu sharti afanyiwe usaili kwanza, mshike mkono mwondoke.