Nyumba ya kwanza, ya nani?

Wadau, nimerudi mjini jana kutoka Idodi, na nimerudi na hasira.

Baba mdogo amefika kwenye lenta. Yupo hapo kwenye lenta kwa mwaka wa pili sasa. Matofali kafyatua na kuchoma mwenyewe, fundi anamlipa nusu pesa nusu mpunga, na kila akivuna ananunua mifuko kadhaa ya saruji. Mpunga ukikataa, nyumba inasubiri. Mnaijua hii staili, msijifanye watoto wa mjini. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba tulizohamia kabla ya plasta, madirisha yamezibwa kwa bati.

Hii ndiyo nyumba yake ya kwanza ya kudumu, na hajasamehewa hata senti tano.

Turudi kwenye bajeti ya 2023/24. Ilisamehe VAT kwenye nyumba mpya za kuishi zisizozidi shilingi milioni 50, zinazouzwa na waendelezaji wa milki. VAT ilikuwa asilimia 18, kwa hiyo nyumba ya milioni 50 ilikuwa inabeba kodi ya milioni 9. Makofi! Lakini bajeti hiyo hiyo ikaweka ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. VAT nayo inakokotolewa juu ya ushuru, ikawa 1,180. Tukaambiwa ni kwa ajili ya miradi ya kimkakati.

Yaani anayenunua nyumba iliyokamilika, mwenye kazi ya mshahara na benki inayomwamini, kaondolewa kodi. Anayejenga mfuko kwa mfuko kaongezewa. Nionyesheni mwendelezaji wa milki aliyewahi kukanyaga Idodi kuuza nyumba. Wanaopita pale ni watalii wanaokwenda Ruaha.

(Halafu hata huo msamaha una kona zake. Anayeuza bidhaa iliyosamehewa harudishiwi VAT aliyolipa kwenye saruji na nondo, kwa hiyo sehemu ya kodi inabaki imejificha ndani ya bei.)

Msiniambie wenzetu wanafanya hivyo. Kenya wanaruhusu riba ya mkopo wa nyumba ipunguzwe kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kikomo kilikuwa shilingi zao 300,000 kwa mwaka, Desemba 2024 kikapanda hadi 360,000. Safi, kama una mkopo wa nyumba. Marekani mwaka 2009 ilimpa mnunuzi wa nyumba ya kwanza hadi dola 8,000 kupitia hesabu zake za kodi ya mapato, na kama kodi aliyodaiwa ilikuwa ndogo kuliko hapo, tofauti alipewa taslimu. Kule iliwezekana kwa sababu karibu kila mtu anajaza hizo hesabu. Baba mdogo hajazi fomu yoyote ya kodi ya mapato. Kodi yake iko kwenye saruji, bati na misumari. Ukitaka kumpa unafuu, mfuate hukohuko.

Kuna atakayesema, ukiisamehe saruji hata mwenye ghorofa Masaki atafaidika. Kweli, hoja hiyo naikubali. Basi msisamehe saruji yote, rudisheni kodi kwa anayejenga nyumba yake ya kwanza: mara moja tu maishani, kwa namba ya NIDA, kwa kiwango maalumu, kwa kuonyesha risiti za EFD. Mwenye ghorofa la tatu hatapita hapo. Tena mtashangaa wateja watakavyoanza kudai risiti wenyewe bila kutishiwa faini, maana risiti itakuwa pesa. Tuna miaka mingi ya matangazo ya "ukinunua dai risiti", na bado mtu anaulizwa dukani, unataka bei ya risiti au bila risiti?

Nilimweleza baba mdogo haya yote tumekaa juu ya rundo la mchanga. Akacheka, akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe si mwandishi? Hiyo ya kwangu nikaidai wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaingia ndani akatoka na mfuko wa rambo. Risiti zake zote anazo, tangu mfuko wa kwanza wa saruji ya msingi. Zile za mwanzo wino umeshafutika, hazisomeki tena.