Orodha ya wahami isipotee wakati programu inabadilishwa

Lushebere, teritwari ya Masisi – Mhami wa vita anapofika kambini hana shamba, hana ng'ombe, na mara nyingi hana hata karata ya uchaguzi. Kinachomfanya atambulike ni jina lake kwenye orodha. Jina likiwapo, anapata jetoni, na jetoni inampa unga, maharagwe na mafuta. Jina lisipokuwapo, anaambiwa asubiri hesabu nyingine. Kwa hiyo habari ya programu za kompyuta, ambayo wengi wanadhani ni ya watu wa ofisi za Goma na Ulaya, inaigusa Lushebere moja kwa moja.

Zamani orodha ilikuwa daftari la mkubwa wa kambi. Leo vijana wa mashirika wanapita nyumba kwa nyumba na simu mkononi. Wengi wanatumia KoboToolbox, programu ya bure kwa mashirika ya misaada, iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliokuwa wakiwahoji raia wa kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo juu ya vita na haki. Nayo vituo vya afya vinapeleka hesabu za surua, kipindupindu na malaria kwenye DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo inayotumiwa na Wizara ya Afya ya Kongo na nchi zaidi ya 70.

Programu haiozi kama mbao za daraja, lakini inazeeka. Imeandikwa kwa lugha fulani ya kompyuta, na lugha hiyo ikiachwa na wenyewe, hakuna tena wa kuziba matundu. KoboToolbox imeandikwa kwa lugha inayoitwa Python. Tarehe 1 Januari 2020 Python ya pili iliachwa rasmi, na programu zote zilizojengwa juu yake zililazimika kuhamia Python ya tatu. DHIS yenyewe ilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ikiwa juu ya Microsoft Access. Baadaye iliandikwa upya yote kwa lugha ya Java ili ifanye kazi kwenye intaneti.

Kuandika upya kwa mkono ni kazi ya miaka. Ndiyo maana wataalamu wametengeneza mashine za kusoma maandishi ya programu nzee. Mashine inapita mstari kwa mstari, inaonyesha sehemu gani inategemea sehemu gani, inataja zilizokufa, kisha inabadilisha maandishi kwenda lugha mpya. Kwa Python chombo hicho kiliitwa 2to3. Tangu 2023 kampuni ya IBM inatoa chombo cha akili bandia cha kuhamisha COBOL, lugha ya tangu 1959, kwenda Java. Ni maendeleo mazuri. Kazi ya miezi inaweza kufanyika kwa siku chache.

Lakini mashine inajua maandishi tu, haijui maisha. Mfano mmoja unatosha. Katika Python ya pili, ukigawa 25 kwa 2 unapata 12, kwa sababu mabaki yanatupwa. Katika Python ya tatu unapata 12.5. Chombo cha 2to3 kinaiacha alama hiyo ya kugawa kama ilivyo, maana hakiwezi kujua mwandishi alikusudia nini. Sasa fikiria mfuko wa kilo 25 kwa nyumba mbili. Programu nzee inasema kila nyumba kilo 12, mpya inasema kilo 12 na nusu. Kwa nyumba 1,000, nusu kilo hiyo ni kilo 500 za unga. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, lakini hesabu za depo na za kambi hazitakutana, na mtu wa kwanza kushutumiwa atakuwa mjumbe wa komite.

Majina nayo yana hatari yake. Lugha hizo mbili hazihifadhi herufi kwa namna moja. Mama aliyeandikwa Hélène anaweza kutokea upande wa pili na alama za kuuliza katikati ya jina. Karani akilinganisha orodha na karata, haoni mtu huyo. Kwa mama huyo, alama mbili za kuuliza zina maana ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hata nchi tajiri zimeumia. Aprili 2020, wakati wa Korona, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani wajitolee watu wanaojua COBOL, kwa kuwa kompyuta za jimbo lake, zenye umri wa zaidi ya miaka 40, zililemewa na maombi ya waliopoteza kazi. Waliongoja pesa hawakuwa na kosa. Walikuwa tu wanategemea programu ambayo haikutunzwa wakati wa raha.

Huku Masisi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu watu hawakai mahali pamoja. Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa na familia nyingi zikarudi Masisi. Kuna familia zilizohama mara tatu na zaidi. Kuna watu wasiojua siku yao ya kuzaliwa, kwa hiyo wameandikwa wote tarehe 1 Januari. Kuna majina yanayofanana kabisa katika kambi moja, na namba moja ya simu inayotumiwa na nyumba nne. Mashine iliyofundishwa mbali inaweza kuyaona haya kama makosa na kuyafuta.

Basi dawa ni kubadilisha kwa uangalifu, mbele ya wenye majina. Kwanza, programu nzee na mpya zitembee pamoja kwa migao kadhaa, zipewe orodha ileile, na kila tofauti itafutiwe sababu kabla ya kuzima ya zamani. Pili, watengenezaji waletewe mifano ya huku: wajane, majina pacha, waliohama mara nyingi. Komite za wahami zinaijua mifano hiyo kuliko mtu yeyote. Tatu, orodha mpya isomwe kwa sauti kambini kabla ya siku ya kugawa, na daftari la karatasi lisitupwe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, vijana wanaosoma kompyuta katika Chuo Kikuu cha Goma na shule nyingine za juu wafundishwe kutunza programu hizi. KoboToolbox na DHIS2 zina maandishi yaliyo wazi kwa wote, kwa hiyo hakuna mlango uliofungwa.

Wengine watauliza: kwa nini pesa ziende kwenye kompyuta wakati watoto wana njaa? Swali ni la haki, hasa tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025 na mgao ukapungua sehemu nyingi. Lakini chakula kinapokuwa kidogo ndipo orodha inapopaswa kuwa sahihi zaidi. Gunia lililopotea kwa hesabu mbovu halimshibishi mtu. Na mradi ukiisha bila kuacha mtu wa kutunza programu, mradi unaofuata utaanza kuhesabu watu upya, kwa pesa zilezile ambazo zingenunua unga.

Mashirika yanapofika Lushebere na simu mpya, komite ziulize maswali mawili: orodha ya zamani imekwenda wapi, na nani amehakikisha kwamba kila jina limevuka? Anayeandika jina la mtu ana deni la kujibu.