Bodi ya madaktari na mgonjwa wa akili: tumsemee kwa haki

Ndugu msomaji, mtu aliyekatika mguu akiingia mbele ya daktari, mguu wenyewe unamtolea ushahidi. Aliyepofuka macho hahitaji maneno mengi. Lakini mgonjwa wa akili akiingia chumba hicho hicho, mara nyingi huonekana mzima. Ana mikono miwili, anatembea, anaitikia salamu, anajua jina lake na la kijiji chake. Dakika chache baadaye anatoka, na kwenye fomu imeandikwa kuwa anaweza kazi.

Nyumbani watu wanashangaa. Huyu halali usiku, huyu husikia sauti zikimtukana, huyu miezi sita hajashika jembe. Daktari ameonaje kuwa ni mzima?

Jawabu ni chungu, lakini lazima lisemwe. Mara nyingi sisi wenyewe ndio tuliompeleka akiwa amefichwa. Mwili wake ulikuwa pale mbele ya madaktari, lakini maradhi yake tuliyaacha nyumbani.

Kwanza tujue haki yenyewe, kwani wengi wetu huku Masasi na Newala hudhani pensheni ni ya wazee tu. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ya 1997 imeweka pensheni ya ulemavu kwa mwanachama ambaye hajafikia umri wa kustaafu, lakini amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato kwa maradhi ya mwili au ya akili. Anayethibitisha ni bodi ya madaktari. Mwanachama awe amechangia miezi 180, au angalau miezi 36, ambapo 12 kati yake iwe ni ile iliyotangulia moja kwa moja kabla ya kupatwa na ulemavu. Watumishi wa umma, wakiwemo walimu na wauguzi wetu, tangu 2018 wako katika mfuko wa PSSSF. Nao wakishindwa kazi kwa maradhi, shauri lao hupita kwa madaktari.

Tena Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 haikuishia kwa viziwi, wasioona na viwete. Imetaja pia upungufu wa akili. Na Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009. Hivyo basi, anayesema kuwa maradhi ya akili si ulemavu hazungumzi kwa mujibu wa sheria za nchi hii.

Sasa tuangalie haki hii inavyopotea mikononi mwetu.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi. Anaanza kubadilika. Anaingia darasani anasimama kimya, anarudi nyumbani kabla ya kengele, halafu anaacha kwenda kabisa. Familia inaona aibu. Mkuu wa shule anaambiwa kuwa ana malaria, mara amesafiri kwenye msiba. Wakati huo huo anapelekwa kwa mganga wa kienyeji bonde moja baada ya jingine, kwa sababu imeshasemwa kuwa amerogwa. Mwaka unapita bila karatasi hata moja ya hospitali. Huko kazini kinachoandikwa ni utoro, na kwa mtumishi wa umma utoro wa siku tano za kazi bila ruhusa unatosha kumfukuzisha. Mgonjwa anatoka kazini kama mkosaji. Haki aliyostahili kama mgonjwa haikupata hata nafasi ya kuombwa.

Au chukua kijana aliyekuwa mlinzi wa kampuni binafsi, mwanachama wa NSSF. Rudi kwenye ile miezi 12. Akifichwa ndani miaka mitatu, ndipo daktari amwone kwa mara ya kwanza, ataulizwa: ulemavu ulianza lini? Ushahidi uko wapi? Asiye na cheti cha wakati ule atahesabiwa kuwa maradhi yameanza leo, na michango yake ya mwisho ni ya miaka mitatu nyuma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hata kabla ya kifo, njaa imeshamuumbua.

Kisha inakuja siku yenyewe ya kupimwa, na hapa ndipo makosa yanapozidi.

Kosa la kwanza ni kumpamba. Tunamwogesha, tunamnyoa, tunamvisha kanzu iliyopigwa pasi, tunampaka mafuta. Njiani tunamuusia: ukiulizwa, jibu vizuri, usitutie aibu. Ndugu msomaji, usafi ni sehemu ya dini yetu na mgonjwa ana haki ya kuwa msafi. Mwogesheni. Lakini mwambieni daktari nani amemwogesha. Kuacha kuoga, kuacha kubadili nguo na kutojali haja zake ni dalili kubwa za maradhi haya. Daktari akimwona anang'aa na asiambiwe lolote, ataandika kuwa anajihudumia mwenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa. Usafi ule ni kazi ya mama yake aliyeamka alfajiri kumwogesha, baada ya kwenda kutafuta maji, na kule Newala juu ya mlima kila mtu anajua maji yalivyokuwa ya taabu.

Kosa la pili ni kumpeleka na mtu asiyemjua. Desturi zetu za Kimakonde, Kimakua na Kiyao zimempa mjomba nafasi kubwa, na heshima hiyo ni yake. Lakini mjomba anaishi kijiji kingine. Anayejua kuwa mgonjwa alizunguka uani hadi usiku wa manane, kwamba anakataa chakula akidhani kimetiwa sumu, kwamba alitoka akapotea siku mbili, ni mkewe, mama yake au dada yake. Mjomba aende kama mkubwa wa familia, lakini mwenye kujua habari naye aende, na apewe nafasi ya kusema.

Kosa la tatu ni kusahau kuwa maradhi haya hupanda na kushuka. Mgonjwa anaweza kuwa na wiki mbili nzuri, kisha akaharibikiwa mwezi mzima. Bodi inamwona siku moja tu. Ikiwa siku hiyo ni njema, nani ataieleza habari ya siku nyingine? Aidha, dawa zenyewe zina uzito wake. Sindano na vidonge vinavyotuliza sauti vinaweza kumletea usingizi, kutetemeka mikono, kukakamaa na kuwa mzito wa mwendo. Mtu wa namna hiyo ametulia, ni kweli, lakini je, anaweza kubeba mashine ya kupulizia salfa mikorosho? Anaweza kuokota korosho Oktoba hadi Desemba kutwa nzima juani? Kutulia ni jambo moja, na kuweza kazi ni jambo jingine.

Dini yetu imetuonyesha njia katika jambo linalofanana na hili. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ile inayohusu deni, imeelekeza kuwa ikiwa mtu ni mpungufu wa akili, au mnyonge, au hawezi kuandikisha mwenyewe, basi msimamizi wake aandikishe kwa niaba yake kwa uadilifu. Yapo mambo mawili hapo. La kwanza, asiyeweza kujisemea asemewe. La pili, asemewe kwa uadilifu, bila kupunguza wala kuzidisha.

Nasisitiza hili la kuzidisha, kwani wapo wanaoshauri kuwa mgonjwa aachishwe dawa wiki mbili kabla ya kupimwa ili aonekane amechafukwa. Hiyo ni dhulma kwake na ni hatari kubwa. Anaweza kujidhuru au kumdhuru mtu, na pengine asirudi tena hali aliyokuwa nayo. Wapo pia wanaomfundisha mtu mzima kuigiza kichaa apate fedha. Huo ni ushahidi wa uongo, na unawafanya madaktari wamshuku hata mgonjwa wa kweli anayefuata mlangoni.

Basi tufanye nini? Nashauri haya:

1. Mara dalili zinapoanza, mpeleke hospitali, iwe Mkomaindo, Ndanda, hospitali ya wilaya Newala au kituo cha afya kilicho karibu. Dua na ruqya havikatazi dawa. Tarehe ya kuonekana kwa mara ya kwanza iandikwe, na daftari la kliniki litunzwe kama hati ya shamba.

2. Mwajiri aarifiwe kwa maandishi, na cheti cha daktari kiambatishwe. Nakala ibaki nyumbani.

3. Siku 30 kabla ya kupimwa, mtoto wa shule aandike kila jioni mistari miwili: amelala saa ngapi, amekula nini, ameoga mwenyewe au ameogeshwa, amefanya kazi gani na ameiachia wapi, ametoka nje ya boma au hakutoka. Karatasi hiyo itamsaidia daktari zaidi ya kilio.

4. Siku ya bodi, usiseme tu "ana kichaa". Sema asichoweza: hawezi kuachwa na moto, hawezi kutunza fedha, hawezi kukaa na watu saa nzima, hawezi kumaliza safu moja ya palizi. Bodi inapima uwezo wa kujipatia kipato, basi izungumzwe habari ya kazi.

5. Majibu yakitoka, omba yawe ya maandishi yenye sababu, na uulize njia ya kukata rufaa. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo kwa ajili ya kuelekeza watu kama ninyi. Mfuateni.

Nao waheshimiwa madaktari tunawaomba. Msimpime mgonjwa wa akili kwa macho peke yake. Mpeni nafasi anayelala naye nyumba moja aseme, tena faraghani, kwani mengine hayasemeki mbele ya mgonjwa. Na mjue kuwa aliyetoka Masasi hadi Mtwara mjini amesafiri takriban kilomita 200. Mgonjwa aliyepakiwa basini usiku, akafika bila kula, anaweza kunyamaza tu, na kunyamaza kwake kukaonekana ni utulivu.

Najua wengi wenu mtasema: sisi ni wakulima, hatuna mfuko wowote. Ni kweli, na hapa ndipo ilipo sehemu kubwa ya watu wetu. Lakini hata mkulima hupimwa, ila bodi yake ni mkutano wa kijiji. TASAF ilipoandikisha kaya maskini, wanakijiji ndio walioketi kutaja nani hajiwezi. Kaya yenye kijana wa miaka 25 mwenye maradhi ya akili huambiwa ina nguvu kazi, wakati kijana huyo anamfunga na mama yake pia, hawezi kwenda shamba akamwacha. Vivyo hivyo mikopo ya halmashauri, ambayo sheria iliyorekebishwa 2018 iliitengea watu wenye ulemavu asilimia 2 ya mapato ya ndani: ni nani aliyemkumbuka anayeugua akili, au ndugu anayemlea? Katika mikutano hiyo sisi ndio bodi. Tukinyamaza kwa kumwonea haya jirani, tumemnyima kwa midomo yetu.

Jambo la mwisho. Fedha hizo zikitoka ni mali yake. Suratun Nisaa, aya ya 5, imetufunza kuwa wasioweza kutunza mali walishwe na wavishwe kutokana nayo, na wasemezwe maneno mema. Haikusema mali yao igawanywe na mashemeji. Anayesimamia aandike kilichoingia na kilichotumika, na familia isomewe.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mgonjwa wa namna hii, usingoje barua ya bodi ifike. Leo hii litafute daftari lake la kliniki. Kama halipo, kesho asubihi mpeleke likaanzishwe.