Bodaboda sawa, baiskeli aibu?



Wiki iliyopita nilituma picha kwenye grupu la ukoo wetu. Nimepanda baiskeli, nimevaa buibui langu, mtandio nimeubana vizuri, nyuma yangu majabali na ng'ombe wa watu. Nilitarajia mashaallah. Shangazi yangu mmoja akajibu kwa sauti ya dakika nne. Sitairudia yote hapa. Kwa ufupi, nimewaaibisha, mke wa mtu hapandi baiskeli, na mle grupuni wamo mabinti wawili wanaotarajia kuolewa Mfunguo Mosi, basi nisiwaharibu.

Kule nilinyamaza kwa sababu ni shangazi. Hapa sinyamazi.

Kwa wasionijua, mimi nimeolewa Unguja, na fungate ilipokwisha nikamfuata mume wangu Bariadi anakofanya kazi. Bariadi ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ule uliokatwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ndugu sina, shoga sina, Kisukuma sijui neno. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa najua chumba, jiko na njia ya sokoni basi. Mume anatoka asubuhi, anarudi alaasiri. Mama akipiga simu namwambia nimeshazoea, kisha nakata simu nalia juu ya vyombo. Wangapi kati yenu mmeolewa mkapelekwa mbali, mkasema uongo huohuo?

Baiskeli alininunulia yeye mume wangu. Ya mtumba, ya gia, tairi zake nene zenye meno. Nilijifunza utotoni shamba kwa bibi, na mwili hausahau. Siku ya kwanza nilizunguka nyumba. Ya pili nikafika barabara ya vumbi. Wiki ya pili nikaziona njia za ng'ombe.

Hizo njia, wallahi, hakuna aliyenisimulia. Zinatoka nyuma ya nyumba za watu, zinapita kwenye mashamba ya pamba na mtama, zinazunguka majabali, zinashuka mtoni. Kiangazi mto ni mchanga mtupu, na wanawake wanachimba vishimo kwenye mchanga huo wapate maji. Pembeni kuna ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wasikose majani kiangazi. Huruhusiwi kukata njia humo, na mimi niliambiwa hivyo na kijana mchungaji, kwa adabu kabisa, baada ya kuwa nimeshakata. Kwenye njia hizo nilijifunza kusema mwangaluka kila asubuhi, na kuitikia ninapoitwa mayu. Mama mmoja wa pale kwenye mchanga sasa ananipa mlenda. Miezi miwili ndani ya nyumba haikunipa jirani hata mmoja, baiskeli imenipa hao wote.

Sasa tuje kwenye aibu.

Shangazi huyuhuyu, nilipokwenda kumuaga, alinipakia yeye mwenyewe kwenye bodaboda. Nikakaa nyuma ya kijana nisiyemjua, kila akifunga breki nazuilia nisimwangukie mgongoni. Hakuna aliyesema neno. Kila siku bibi harusi, wake za watu, hata walimu wetu wa madrasa wanapanda bodaboda. Nami sisemi msipande, mwenye haja ana haja yake. Nauliza tu: kukaa kifua kwa mgongo na mwanamume ajnabi ni sawa, lakini kukaa peke yangu juu ya kiti changu mwenyewe ni fedheha? Nani aliyeipima mizani hii?

Wakishindwa hapo, wanashusha sauti. "Lakini kwa msichana, unajua tena." Ndiyo, najua. Wanakusudia ubikira. Kwamba baiskeli itamtoa, na usiku wa harusi kitambaa kitatoka cheupe. Kwa ajili ya neno hili wasichana wananyimwa baiskeli, wanakwenda skuli kwa miguu, huku kaka zao wanawapita na kengele. Tuliseme waziwazi, maana wanaoumizwa nalo ni mabibi harusi.

Kwanza, maumbile ya wanawake si mamoja. Wako wanaotoka damu na wako wasiotoka hata tone, na hawajaguswa. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko kwamba vipimo vya ubikira vikomeshwe, kwa sababu hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kuwa mwanamke amewahi kuingiliwa au la. Hakuna. Si daktari, si somo, si kitambaa.

Kama hamuwataki hao, njooni kwenye madhehebu yetu. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu cha fiqhi ya Kishafi tunayoifuata visiwani, amelitaja suala hili hasa pale anapozungumzia idhini ya ndoa: ubikira ukiondoka bila ya kuingiliwa, kama kwa kuanguka, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi hilo haliathiri kitu. Hukumu yake inabaki ya bikira. Mwanachuoni wa karne ya saba ya Hijria alimsitiri binti wa watu aliyeanguka, na sisi tuna simu mkononi tunamfedhehesha ambaye hata hajaanguka!

Na kupanda kwenyewe? Katika Bukhari na Muslim Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, amewasifu wanawake wa Kikureshi kuwa ni bora ya wanawake wanaopanda ngamia, kwa huruma yao kwa watoto na kuchunga kwao mali za waume zao. Sifa ni ya huruma na uaminifu, najua, msinirukie. Lakini kupanda kumetajwa bila ya lawama. Ummu Haram alivuka bahari pamoja na mumewe, akaanguka kwenye mnyama wake walipofika ng'ambo, akafariki. Hakuna aliyesema amekufa kifo cha aibu. Hata Saudia mwaka 2013 iliwaruhusu wanawake baiskeli, kwa masharti, kwenye bustani za mapumziko. Na huku Simiyu kwenye tamasha la Simiyu Jambo wameshashindana mbio za baiskeli wanawake na wanaume. Shangazi yangu yuko nyuma ya wote hao.

La safari bila ya mahram ni dogo. Natoka saa moja asubuhi, saa mbili na nusu nakatia vitunguu. Mume anajua njia niliyoshika. Hiyo si safari.

Stara ndiyo hoja ya kweli, na ina dawa. Buibui refu linaingia kwenye mnyororo, nilishalichana moja. Sasa navaa suruali pana, juu yake gauni la kufika chini ya magoti lisilobana, na koti jepesi, kwa sababu upepo hauna adabu. Mtandio mzito wa pamba, pini tatu. Fundi aliniwekea kifuniko cha mnyororo kwa bei ya samaki wawili wa Darajani.

Na hatari zipo, sitawadanganya. Miba ya migunga inatoboa tairi kila wiki, basi pampu na viraka havikai nyumbani. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga unaganda mpaka gurudumu halizunguki, unaibeba baiskeli wewe. Ng'ombe wana haki ya njia, unashuka unasubiri. Na fisi si hadithi ya kutishia watoto huku. Kabla ya jua kuchomoza vizuri sitoki, na Magharibi hainikuti nje.

Kwa mabinti wawili wa Mfunguo Mosi, mmoja nasikia anapelekwa Shinyanga. Mwanangu, kwenye begi lako ongeza suruali mbili pana na viatu vya kufunga kamba, na baiskeli muulize bwana harusi mapema, kabla ya nikaha, uone anajibu nini.

Na shangazi, ukija Bariadi nitakupokea stendi. Bodaboda zimejaa pale, lakini wewe nitakukodia bajaji.